UZI: Aurora ya kusini – pa kusimama, saa za kutoka nje na namba za kufuatilia (Tasmania na New Zealand)

Mpenda_Anga
Wakuu, habari za humu ndani.

Nahamia Hobart mwezi wa pili kwa masomo, na likizo ya mwezi wa saba nitavuka kwenda New Zealand, Kisiwa cha Kusini. Nataka kuiona aurora ya kusini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, kwa macho yangu. Makala nilizosoma zinarudia maneno yale yale: nenda sehemu yenye giza, angalia Kp (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, 0 hadi 9). Hapo ndipo zinapoishia.

Ninachouliza: mtu anasimama wapi hasa? Miezi ipi na saa ngapi? Namba zipi ndizo za kuaminika? Vifaa nilivyonavyo ni simu yenye hali ya usiku na kamera ya DSLR ya zamani na lenzi yake ya 18-55. Gari nitakodi.

---

Digrii42
Karibu mkuu. Nianze na jambo ambalo makala hizo hulipita. Aurora haifuati ncha ya dunia iliyo kwenye ramani, inafuata sumaku ya dunia. Ncha ya sumaku ya kusini haiko katikati ya Antaktika. Iko baharini, nje kidogo ya pwani ya bara hilo, karibu na digrii 64 kusini na 136 mashariki, yaani upande wa Australia. Toka hapo hadi Hobart ni kilomita kama 2,450. Hadi Ushuaia kule Argentina, mji ambao kwenye ramani uko kusini zaidi ya Hobart kwa digrii 12, ni zaidi ya kilomita 6,000. Ndiyo maana Tasmania na kusini mwa New Zealand ndizo sehemu za kwenda, na Ushuaia ni mahali pazuri pa pengwini.

Aurora hukaa kama pete, na katikati ya pete hiyo ni ncha ya kijiosumaku, iliyo ndani zaidi ya Antaktika lakini nayo imeegemea upande wa Australia. Usiku mtulivu ukingo wake wa kaskazini uko kwenye digrii 66 hivi za latitudo ya kisumaku. Hobart iko kama 54. Kp ikipanda namba moja, ukingo unasogea kaskazini digrii mbili hivi, karibu kilomita 220. Kwa hiyo Kp 4 utapata kitu chini kabisa kwenye upeo, mara nyingi kamera ndiyo itakayokiona. Kp 5 hadi 6 macho yanaona vizuri. Kp 7 na kuendelea inaweza kupanda hadi utosini.

Sasa matokeo yake kwako: mara nyingi utakachokuwa unakitafuta kiko chini sana, digrii 5 hadi 15 juu ya upeo. Kilima kidogo upande wa kusini kinatosha kukuharibia usiku mzima. Kwa hiyo upeo wa kusini ulio wazi, ikiwezekana bahari tupu, una uzito kuliko giza lenyewe. Taa za mji zikiwa nyuma yako, upande wa kaskazini, hazina madhara makubwa. Zikiwa mbele yako umeumia.

Pa kusimama ukitoka Hobart:

Goat Bluff, rasi ya South Arm. Dakika 40 hivi kwa gari. Unatazama Storm Bay, kusini ni maji tu, mng'ao wa Hobart uko mgongoni. Kwa mgeni naanzia hapa. Shida yake ni umaarufu: usiku wa dhoruba kubwa ya sumaku magari yanajaa na kila anayeingia anakumulika. Ikijaa, rudi nyuma kidogo hadi Clifton Beach.

Kisiwa cha Bruny. Kivuko kinatoka Kettering, safari ya dakika 20 hivi, lakini hakifanyi kazi usiku kucha, kwa hiyo panga kulala huko. Cloudy Bay inatazama kusini moja kwa moja. Iko ndani ya hifadhi ya taifa, nunua kibali cha gari mapema. The Neck pia ni pazuri, ila pengwini wadogo wanaweka viota hapo: hakuna tochi nyeupe, hakuna flashi.

Mlima kunanyi, yaani Mount Wellington, mita 1,271. Upeo mpana ajabu, na wakati mwingine mawingu yanabaki chini yako. Barabara ya kileleni hufungwa theluji au barafu ikianguka, na theluji huanguka miezi ile ile ya usiku mrefu. Upepo wa pale juu unatikisa kamera hata ukiikalia.

Cockle Creek inatajwa sana kwa kuwa ndiko barabara za Australia zinakoishia upande wa kusini. Mimi siipendi kwa kazi hii. Pale unapoegesha, vilima na msitu viko upande wa kusini. Upeo wa kweli uko South Cape Bay, ambako ni mwendo wa miguu wa saa mbili hivi. Na simu haishiki mtandao, kwa hiyo hata namba za upepo wa jua (chembe zinazotoka kwenye jua na kuwasha aurora) huzioni.

---

Mzee_wa_Bahari
Hapo kwa Ushuaia umenifumbua macho. Kuna kampuni za utalii zinauza "aurora Patagonia" bila haya.

---

UpepoWaJua
Digrii42 kamaliza ya mahali, mimi nichukue ya namba, maana hapa ndipo watu wanapopigwa chenga.

Kp ni namba ya saa tatu nzima kwa dunia yote. Inakokotolewa na kituo cha GFZ kule Potsdam, Ujerumani, kutokana na vituo 13 vya sumaku, na kati ya hivyo viwili tu viko kusini ya ikweta: Canberra na Eyrewell, New Zealand. Ikifika kwenye simu yako inakuambia mambo yaliyopita, au makisio. Aurora nzuri inaweza kuwaka dakika 15 na kuzima, na Kp ikabaki 4. Kwa Tasmania, ongezea kipimo cha K cha Australia, kinachotolewa na kituo cha hali ya hewa ya anga za juu cha Bureau of Meteorology.

Namba za kufuatilia dakika kwa dakika ni za upepo wa jua. Zinapimwa na vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, na zinaonyeshwa bure kwenye tovuti ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga. Zisome kwa mpangilio huu:

Bt. Hii ni nguvu yote ya uga wa sumaku unaokuja, kwa nanotesla. Anzia hapa, kwa sababu Bz, sehemu ya uga huo inayoelekea kaskazini (chanya) au kusini (hasi), haiwezi kuizidi Bt kwa ukubwa. Bt ikiwa 4, nenda kalale. Ikiwa 10 kaa macho. Ikiwa 20 na zaidi, vaa viatu.

Bz. Ikiwa chanya mlango umefungwa hata dhoruba iwe na jina kubwa namna gani. Ikiwa hasi mlango uko wazi. Kushuka kwa dakika tano si kitu. Inatakiwa ikae hasi. Kanuni yangu: Bz -8 au chini ya hapo kwa zaidi ya nusu saa, kasi ikiwa kilomita 500 kwa sekunde au zaidi, washa gari. Bz -15 na kuendelea, washa gari usisubiri hiyo nusu saa.

Kasi. Siku za kawaida ni 350 hadi 400. Kasi ndiyo inayokuambia una muda gani mkononi. Gawanya milioni 1.5 kwa kasi: 400 ni kama saa moja, 600 ni dakika 42, 800 ni dakika 31. Hobart hadi Goat Bluff ni dakika 40. Kwa hiyo kwenye dhoruba kali ukisubiri Bz igeuke ndipo utoke nyumbani, wimbi la kwanza linakukuta barabarani.

Msongamano wa chembe nautazama mwisho. Ukiruka ghafla pamoja na kasi, ujue wingu la mlipuko wa jua limefika.

Kingine ni ramani ya OVATION ya NOAA yenye nguvu ya aurora kwa gigawati. Hakikisha unatazama ya kusini, si ya kaskazini. Chini ya 20 hakuna kitu. Kutoka 50 anza kujali, 100 na zaidi Tasmania inaona.

---

Kiboko_Mtulivu
Mkuu UpepoWaJua, nina programu ya simu inayonipa "asilimia ya kuona aurora". Haifai?

---

UpepoWaJua
Inafaa kukuamsha. Haifai kukuamulia. Nyingi zinachukua ramani ile ile ya OVATION na kukuambia asilimia ya aurora kuwa juu ya kichwa chako. Wewe uko Hobart, hutaki ya juu ya kichwa, unataka ile iliyo kilomita 800 kusini yako ambayo utaiona kwenye upeo. Inaweza kuandika asilimia 2 na watu wanapiga picha.

Tena kuna suala la saa. Utabiri wa NOAA wa siku tatu unatolewa kwa vipande vya saa tatu za UTC, saa ya kimataifa. Ukiona "G3 kesho" (madaraja ya dhoruba ni G1 hadi G5) usishangilie, tazama kipande kipi. Hobart majira ya baridi iko UTC+10. Kwa saa zetu za Kiswahili:

UTC 09–12 ni saa 1 hadi saa 4 usiku Hobart.
UTC 12–15 ni saa 4 hadi saa 7 usiku.
UTC 15–18 ni saa 7 usiku hadi saa 10 alfajiri.
UTC 18–21 ni saa 10 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, na mwisho wake kunaanza kucha.

Vipande vya 00–03 na 03–06 ni mchana kweupe Hobart. New Zealand ongeza saa mbili. Ndiyo sababu Ulaya wanaweza kupiga kelele mtandaoni jioni yao na wewe unaamka tu asubuhi. Dhoruba ya Mei 2024, ile ya daraja la G5, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003, ilianza kugonga dunia saa 17 UTC tarehe 10. Hobart ilikuwa saa 9 usiku kuamkia tarehe 11. Waliolala hadi asubuhi waliponea kwa sababu tu dhoruba ilikuwa kubwa kiasi cha kuendelea hadi usiku uliofuata. Nyingi hazina huruma hiyo.

---

Mpenda_Anga
Asanteni sana wakuu, nachukua nondo. Vipi miezi? Na je, usiku wa mwezi mpevu nijifungie ndani?

---

Digrii42
Miezi: kuna nguvu mbili zinazovutana. Karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, siku za usawa wa usiku na mchana, sumaku ya dunia inakaa kwa pembe inayorahisisha Bz ya upepo wa jua kufanya kazi. Jambo hili lilielezwa na Russell na McPherron mwaka 1973, na takwimu za dhoruba za miaka mingi zinaliunga mkono. Upande wa pili ni urefu wa usiku. Hobart mwishoni mwa mwezi wa sita ina zaidi ya saa 11 za giza kamili. Invercargill siku za Krismasi giza kamili ni saa mbili na nusu hivi, ukisinzia kidogo limepita. Kwa hiyo mwezi wa tatu hadi wa tisa ndio msimu wako, na ncha zake mbili ndizo tamu zaidi. Mwezi wa saba una usiku mrefu, sawa, ila si lazima dhoruba zije kwa sababu wewe uko likizo.

Kwa kupanga safari, tumia siku 27. Jua, likitazamwa toka duniani, linajizungusha mara moja kwa siku 27 hivi. Likiwa na tundu la korona, lile doa jeusi kubwa kwenye picha za jua, upepo wake wa kasi unarudi kila mzunguko kwa miezi kadhaa. Ukiona Kp 5 tarehe fulani iliyotokana na tundu, hesabu siku 27 mbele na uweke alama kwenye kalenda. Milipuko haina ratiba hiyo. Jua lilitangazwa kufika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25 mwaka 2024, na miaka inayofuata kilele ndiyo miaka ya matundu, kwa hiyo mbinu hii inazidi kuwa na maana.

Mwezi: wiki ya mwezi mwandamo ni bora, hasa kwa aurora hafifu. Lakini majira ya baridi mwezi mpevu huku kusini unapita juu upande wa kaskazini, mgongoni kwako, na unaangaza miamba na mchanga kwenye picha. Kp 6 na mwezi mpevu, toka nje.

---

Lenzi_Moja
Nimesubiri zamu yangu. Vifaa.

DSLR yako na 18-55 inatosha kuanzia. Weka kila kitu kwa mkono: lenzi kwenye 18, upenyo uliofunguka mwisho, kwa lenzi hizo ni f/3.5, ISO 3200, sekunde 15. Usizidishe hapo, kwenye kihisi kidogo cha DSLR nyota zitaanza kuwa vijistari. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) weka 4000 hivi, usiiachie kamera, maana itajaribu "kusahihisha" wekundu na kukuharibia. Piga RAW (faili ghafi la kamera). Ukinunua lenzi baadaye, nunua pana ya f/2.8 au f/2, ndipo ushushe hadi sekunde 5 au 8. Miale ikianza kucheza, sekunde 15 inaifuta yote kuwa ukungu wa rangi moja. Watu wengi wanakosea hapo: anga inang'aa, wao bado wako kwenye mipangilio ya usiku hafifu. Ikiwaka, punguza muda kwanza, ISO baadaye.

Fokasi ndiyo inayoua picha nyingi. Zima fokasi ya yenyewe, fungua skrini, elekeza nyota kali, kwa mfano Canopus au Alpha Centauri, kuza mara 10, zungusha hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa. Kisha bandika utepe wa karatasi kwenye pete isisogee. Lenzi za 18-55 hazina alama ya umbali na pete yake ni legelege, utepe si hiari. Zima pia kitulizi cha mtikisiko kama kamera iko kwenye stendi, na tumia kichelewesho cha sekunde 2.

Umande ni adui wa pili. Ufukweni usiku, kioo cha lenzi kinapoa kuliko hewa na maji yanatanda juu yake bila wewe kujua, unaona tu nyota zinazidi kuwa nene. Funga ukanda wa joto wa USB kwenye lenzi na uuchomeke kwenye pawabenki. Huna? Vifuko viwili vya kupasha mikono na raba ya kufungia vinafanya kazi. Usifute kwa pumzi. Ukirudi ndani, acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu.

Betri: baridi inazinyonya. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Stendi: usipandishe nguzo ya kati, tandaza miguu chini, ning'iniza begi likiwa linagusa ardhi kidogo lisibembee.

Simu: hali ya usiku, simu ikiwa kwenye stendi. iPhone ikijiona imetulia inakuruhusu hadi sekunde 30, mkononi itakupa chache tu. Gusa skrini kwenye nyota, shikilia hadi fokasi ijifunge, na tumia kichelewesho.

---

Bi_Rehema
Swali la mshamba: kwa macho inaonekana kama kwenye picha?

---

Lenzi_Moja
Si la mshamba dada, ndilo la msingi. Mara nyingi hapana. Usiku jicho linatumia chembe zisizojua rangi, kwa hiyo aurora ya Kp 5 utaiona kama tao la kijivujivu jeupe, na miale kama nguzo hafifu zinazosogea kushoto na kulia. Mwendo ndio utakaokuambia. Ikizidi nguvu kijani kinajitokeza, halafu waridi chini yake. Wekundu unachelewa kuonekana kwa sababu jicho letu ni bovu kwa rangi hiyo gizani.

Jipe dakika 20 hadi 30 bila kutazama mwanga. Skrini ya simu moja inakurudisha mwanzo. Tochi nyekundu, hafifu.

---

UpepoWaJua
Naongezea kwenye rangi. Kijani kinatoka kwa oksijeni kwenye kilomita 100 hadi 150 juu. Nyekundu ni oksijeni hiyo hiyo ila kwenye kilomita 200 hadi 400 na zaidi, ambako hewa ni chache. Ile chembe inahitaji karibu dakika mbili kutoa mwanga wake mwekundu, na chini zaidi ingekuwa imeshagongwa na nyingine na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu wekundu unasambaa taratibu bila ncha kali, kijani kinacheza.

Mviringo wa dunia nao unaamua. Kitu kilicho kilomita 100 juu kinaweza kuonekana kwenye upeo toka umbali wa kilomita 1,100 hivi. Kilicho kilomita 400 juu, toka 2,200. Ukiwa mbali unapata nyekundu tu, kijani kimezama chini ya upeo. Picha za Victoria au New South Wales, majimbo ya Australia yaliyo kaskazini ya Tasmania, zilizojaa wekundu mtupu hazijachakachuliwa, ni jiometri.

---

Kusini_Kabisa
Upande wa New Zealand nijibu mimi, na hapa sitaafikiana na wengi.

Kila mtu atakutuma Lake Tekapo, kwa sababu Aoraki Mackenzie ni hifadhi ya anga yenye giza inayotambuliwa kimataifa tangu 2012, kilomita za mraba 4,367. Nyota za pale hazina mfano, nenda. Lakini kwa aurora? Iko digrii 44 kusini, milima kila upande, na kijiji chenyewe kiko kwenye ncha ya kusini ya ziwa, kwa hiyo ukisimama ufukweni upande wa pili unatazama kusini kupitia taa za kijiji. Wamezifunika vizuri, sikatai. Bado unalipia giza wakati unachohitaji ni upeo.

Shuka chini. Rasi ya Otago nje ya Dunedin: Hoopers Inlet, au Tomahawk Beach ambako mji unabaki nyuma. Halafu Catlins: Nugget Point yenye mnara wa taa, na Slope Point, ncha ya kusini kabisa ya Kisiwa cha Kusini. Njia ya Slope Point inakatiza shamba la mtu na hufungwa kondoo wanapozaa, majira ya kuchipua. Karibu na Invercargill panda kilima cha Bluff.

Rakiura, au Stewart Island, ilipewa hadhi ya patakatifu pa anga yenye giza mwaka 2019 na ndiyo iliyo kusini zaidi ya zote hizi. Feri toka Bluff hadi Oban ni saa moja hivi kupitia Foveaux Strait, bahari isiyo na adabu, na hali ya hewa ikichafuka safari zinaahirishwa. Ndege ndogo toka Invercargill ni dakika 20. Ukifika, barabara ni chache sana. Mawingu yakikaa juu ya kisiwa huna pa kukimbilia.

Kwa mtu mwenye usiku minne au mitano, ushauri wangu ni gari na kambi Invercargill au Owaka kule Catlins, si Rakiura. Gari linakupa uwezo wa kufuata tundu kwenye mawingu.

---

Digrii42
Kwa mwenye usiku minne nakubali. Kwa mwenye wiki mbili, Rakiura haina mpinzani. Na Tekapo usiitupe kabisa: ikija Kp 7, hata milima haizuii, na hali ya hewa ya bonde lile ni kavu kuliko pwani.

---

Kusini_Kabisa
Kavu, ndiyo. Na barabara zake mwezi wa saba zina barafu nyeusi. Mtu aliyezoea Morogoro Road asijaribu saa 9 usiku.

---

Kiboko_Mtulivu
Hayo mawingu mnayatazamaje usiku?

---

Digrii42
Picha za setilaiti ya Himawari, kila dakika 10, zipo kwenye tovuti ya Bureau of Meteorology. Usiku soma zile za infraredi, ila ujue mawingu ya chini yenye joto karibu sawa na la bahari yanajificha humo. Tasmania ina tabia moja inayosaidia: upepo ukitoka magharibi, milima inakamua mvua upande ule na kusini-mashariki, Hobart na South Arm, kunabaki wazi. Upepo ukigeuka kutoka kusini au mashariki, mawingu yanakuja kulala juu ya Storm Bay, na hata uende pwani ipi hutaona kitu. Siku hiyo panda ndani, kaskazini, na uombe dhoruba iwe kubwa.

Usisahau aurora inakuja kwa mawimbi: inatulia saa moja au mbili, inawaka dakika 10 hadi 20, inazima. Watu wanafungasha wakati wa utulivu. Bz ikiwa bado hasi, anga iliyotulia inakusanya nguvu tu. Kaa.

---

Bi_Rehema
Nina picha ya ndugu yangu aliyeko Melbourne, kuna wekundu chini na madoa mawili meupe juu. Anasema yote ni aurora.

---

Lenzi_Moja
Madoa mawili ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani zetu. Hata Tanzania yanaonekana upande wa kusini sehemu zenye giza. Hayahusiki. Wekundu unaweza kuwa wenyewe. Vipimo vya haraka: nyota zinapenya kwenye aurora, kwenye wingu hazipenyi. Mng'ao wa mji ni wa chungwa au kahawia na haubadiliki kwenye picha tano mfululizo. Kijani hafifu kilichotapakaa anga nzima kama mawimbi ya mchanga ni mng'ao wa kawaida wa hewa ya juu, upo kila usiku. Na mwanga mkali wa kijani au mweupe uliotulia baharini unaweza kuwa meli ya kuvua ngisi.

---

Chalii_wa_Moshi
Wakuu, Kilimanjaro je? Mita 5,895, giza la kutosha, kusini hakuna kinachozuia. Mei 2024 kuna picha zilizunguka eti imeonekana.

---

UpepoWaJua
Hapana mkuu. Piga hesabu. Chukua hali ya kupitiliza: aurora nyekundu imefika juu ya Cape Town, digrii 34 kusini, kilomita 400 angani. Inaonekana kwenye upeo hadi kilomita 2,200, sawa na digrii 20 za latitudo. Unafika digrii 14 kusini. Urefu wa Kilimanjaro unakuongezea kilomita 270 hivi, unafika 11 na nusu. Mlima uko digrii 3. Na hapo nimekupa upeo mtupu, bila vumbi wala unyevu, ambavyo pale kwenye mstari wa upeo vinameza kila kitu.

Dhoruba kubwa kuliko hizo zimewahi kutokea. Tarehe 4 Februari 1872 aurora iliripotiwa Mauritius upande huu, na Bombay na Khartoum upande wa kaskazini. Hizo ni za mara moja kwa karne au zaidi, huwezi kuzipangia safari. Barani kwetu, wa kufuatilia ni kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kilichoko Hermanus, Afrika Kusini, kinachofanya kazi saa 24. Wao wana nafasi ndogo. Sisi tuendelee na kimondo na Njia ya Maziwa.

---

Mzee_wa_Bahari
Kijana wa Moshi amepata jibu lenye hesabu, asirudi tena 😂

---

Mpenda_Anga
Nimenakili yote. La mwisho: usalama na gari la kukodi?

---

Kusini_Kabisa
Wanaendesha kushoto kama kwetu, hapo huna tatizo. Tatizo ni wanyama. Tasmania toka machweo hadi macheo wallaby, wombat na possum wanajaa barabarani. Shusha kasi hadi 60 nje ya mji. Soma mkataba wa gari kabla ya kusaini: baadhi ya kampuni zinapandisha kiasi utakacholipa mwenyewe, au zinaondoa bima, kwa kugonga mnyama usiku au kwa barabara za changarawe. Jaza mafuta mchana, vituo vya vijijini hufungwa mapema.

Ufukweni usigeuzie bahari mgongo na usiweke stendi kwenye mchanga uliolowa, mawimbi makubwa ya Bahari ya Kusini huja bila taarifa. Egesha pua ya gari ikitazama unakotokea, uondoke bila kumulika wenzako, na ujifunze mapema kuzima taa zinazojiwasha na ile ya ndani mlango ukifunguka. Nguo ni tabaka tatu, ya nje izuie upepo, na soksi za sufu, kwa sababu umesimama tu hutembei.

---

UpepoWaJua
Na urekebishe hesabu ya saa ukifika. Mwezi wa pili Hobart bado iko UTC+11, inarudi +10 Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, na inapanda tena Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi. New Zealand inarudi nyuma siku hiyo hiyo ya mwezi wa nne, ila inapanda mapema, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa. Kwa hiyo mwezi wa tatu, ambao ndio wa kwanza mzuri kwako, ile orodha yangu ya vipande vya UTC isogeze mbele saa moja: 09–12 inakuwa saa 2 hadi saa 5 usiku.